Kabla ya kuuza ng'ombe ili mtoto asome sheria

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari yanapotangazwa, mazungumzo ya sokoni hapa Rusumo hubadilika. Wauza mchele, wanaopokea ndizi na maharage, wabadilishaji fedha na madereva wanaosubiri karatasi zao, wote huulizana jambo moja: wako amepata nini, na sasa atasoma nini? Mzazi ambaye mwanawe amefaulu vizuri historia na lugha hujibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara kwamba wake atasoma sheria. Nasi tunaomsikia hutikisa vichwa kwa heshima, maana tunajua kinachomsukuma.

Wengi wetu tuliorudi nyumbani tulirudi kwa makundi. Wapo waliorudi 1994 na mwaka uliofuata, baada ya wazazi wao kuishi ukimbizini tangu 1959. Wapo waliorudi mwishoni mwa 1996 kambi zilipofungwa. Na wapo wale wa 2013, walioondolewa Kagera katika operesheni ya wahamiaji haramu, wengine wakiacha nyuma ng'ombe, migomba na nyumba za bati. Kila kundi lilipofika lilikutana na kitu kilekile: meza, afisa nyuma ya meza, na swali la karatasi. Karatasi ya kuzaliwa iko wapi? Shamba unalodai ni la nani? Uraia wako unathibitishwa na nini? Urithi wa marehemu baba yako uligawanywa na nani, na mbele ya shahidi gani?

Mtu aliyewahi kusimama mbele ya meza hiyo mikono mitupu hawezi kumcheka mzazi anayetaka mwanasheria nyumbani kwake. Hata mfanyabiashara wa mpakani ambaye hakuwahi kuwa mkimbizi anaijua meza hiyo. Mzigo wake umewahi kuzuiwa, mdeni wake amewahi kuvuka mpaka na kupotea, na makubaliano aliyoyafanya kwa mdomo yamewahi kukanwa mchana kweupe.

Kwa hiyo sina ugomvi na nia ya wazazi. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoitimiza. Tunanunua shahada tukidhani tumenunua kazi. Tunalipa ada ya miaka minne bila kuuliza shahada hiyo inafungua mlango upi, wa nchi gani, na mtoto akifika mlangoni atadaiwa nini tena. Matokeo yake tunayaona: vijana wenye shahada ya sheria wanaokaa nyumbani, na wazazi wasio na shamba wala ng'ombe.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu ili nisionekane ninawasema wenzangu. Mtoto wa dada yangu alifaulu vizuri, na familia ikakaa kikao. Chuo kimoja cha nchi jirani kilikuwa na ada nafuu na kilimpokea haraka. Dada akauza ng'ombe wawili mwaka wa kwanza, kipande cha shamba mwaka wa pili, na miaka iliyofuata tukachangishana. Kijana alimaliza, tukafanya sherehe, tukapiga picha. Aliporudi akaenda kuulizia namna ya kuingia kwenye uwakili. Akaambiwa kwanza alete uthibitisho kwamba shahada yake inalingana na ya hapa nchini. Akaanza safari za kutafuta barua, orodha ya masomo, mihuri. Alipokamilisha hayo akaelezwa kwamba shahada peke yake haitoshi, lazima asome stashahada ya utendaji wa sheria, nayo ina ada yake. Dada yangu aliponiuliza kama kuna ng'ombe aliyebaki, sikuwa na jibu.

Hakuna aliyemdanganya. Kila alichoambiwa kilikuwa kimeandikwa katika kanuni tangu kabla hajaanza masomo. Ni sisi watu wazima tuliokuwa kwenye kikao ambao hatukuuliza. Tulijadili ada, chumba cha kupanga na nauli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: akimaliza, nani atamtambua?

Basi tuiseme wazi ngazi yenyewe. Hapa Rwanda, anayetaka kuwa wakili, jaji au mwendesha mashtaka huanza na shahada ya sheria. Baada ya hapo iko Taasisi ya Utendaji na Maendeleo ya Sheria, ile inayojulikana kwa kifupi ILPD, yenye makao yake Nyanza, Mkoa wa Kusini, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2006. Huko kijana hufundishwa kazi yenyewe: kuandika hati ya madai, kuhoji shahidi, kuandaa mashtaka, kutoa hukumu yenye sababu. Hupitia pia mafunzo kazini. Anayetaka uwakili huendelea kuomba kuingia katika Chama cha Mawakili, kilichoanzishwa 1997, na huanza akiwa wakili mwanafunzi chini ya mkongwe kabla ya kusimama peke yake. Mwenye kutaka ujaji au uendesha mashtaka husubiri nafasi itangazwe na kushindana na wenzake.

Kwa majirani ngazi ni zilezile, majina ndiyo tofauti. Uganda wana kituo chao cha Kampala, Kenya wana chuo chao cha Nairobi, Tanzania wana Shule ya Sheria ya Dar es Salaam iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007. Na mtu asidhani kwamba ngazi ya pili ni mchezo. Mwaka 2022 matokeo ya Shule hiyo ya Tanzania yalizua mjadala mkubwa bungeni, magazetini na vijiweni: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine zaidi ya 300 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na zaidi ya 250 walishindwa. Waziri aliunda kamati ichunguze. Wengine walilaumu Shule, wengine vyuo vikuu vilivyowaandaa wanafunzi hao. Mimi nilipoziona namba hizo niliwafikiria wazazi. Kila mmoja wa vijana hao 633 alikuwa tayari na shahada mkononi. Kila mmoja alikuwa ameshasherehekewa.

Kuna wanaosema kwamba zamani haikuwa hivi. Ni kweli. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, mahakama za nchi hii zilibaki magofu. Majaji, mawakili na wapelelezi wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, huku magereza yakijaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mahabusu na wafungwa walikuwa wapatao 120,000. Nchi ilihitaji kila mtu aliyejua kusoma faili. Wengi walikaa kwenye viti vya ujaji bila shahada ya sheria, na hawakuwa na namna nyingine. Gacaca nayo, iliyoenea nchi nzima 2005 na kufungwa Juni 2012, ilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2 kwa kutumia inyangamugayo, raia waliochaguliwa kwa uadilifu wao na si kwa vyeti vyao. Wengi wao walikuwa wakulima na wafanyabiashara kama sisi.

Lakini mlango huo ulifungwa hatua kwa hatua. Marekebisho ya mahakama ya 2004 yalitaka majaji wawe na shahada ya sheria. Kabla yake kulikuwa na majaji wapatao 700, na wenye shahada hiyo hawakufika 100. Wengi waliondoka, wakaingia vijana waliosoma. Nchi ilikuwa inajenga upya, nafasi zilikuwa wazi, na aliyemaliza chuo miaka ile hakukaa nyumbani muda mrefu. Sifa ya shahada ya sheria tunayoisikia sokoni hadi leo ilitokana na wakati ule. Tunawapeleka watoto wetu kwenye soko la leo tukiwa na bei za 2004 kichwani.

Hapa ndipo penye kosa la pili. Tunaposema sheria, macho yetu huona joho jeusi tu. Kama mtoto hakulivaa, tunasema amepotea. Ilhali nyumba ya haki ina vyumba vingi, na vingine vinatafuta watu kuliko kile cha mawakili.

Chukulia upelelezi. Tangu 2018 kazi ya kupeleleza makosa ya jinai imekuwa mikononi mwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliyoundwa kwa sheria ya 2017. Ofisi kama hiyo haiishi kwa wanasheria peke yao. Inahitaji mtu wa hesabu anayeweza kufuata fedha zilizopita kwenye akaunti tano, mtu wa kompyuta anayejua kilichofutwa kwenye simu, mtu wa saikolojia anayejua kuzungumza na mtoto aliyedhulumiwa bila kumuumiza mara ya pili. Iko maabara ya uchunguzi wa kisayansi ya Kigali, ambayo leo inaitwa Rwanda Forensic Institute, inayopima vinasaba, sumu, alama za vidole na maandishi ya kughushi. Huko mlango ni kemia na biolojia. Ni wazazi wangapi wa hapa mpakani waliowahi kumwambia binti aliyefaulu kemia kwamba anaweza kufanya kazi ya haki bila kusoma kifungu hata kimoja cha sheria ya mikataba?

Chukulia magereza. Idara ya marekebisho inahitaji walimu wa ufundi, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii wanaomwandaa mfungwa kurudi kwao. Chukulia mahakama zenyewe: jaji mmoja hawezi kufanya kazi bila karani wa mahakama. Siku hizi kesi hufunguliwa kwa njia ya mtandao, kwa mfumo uliopewa jina la IECMS, na asiyejua kuutumia anabaki nje hata kama haki ni yake. Chukulia abahesha b'inkiko, watekelezaji wa hukumu. Mtu anaweza kushinda kesi mahakama zote na asione hata faranga moja kama hakuna wa kuitekeleza hukumu. Wako pia noteri, ambao bila muhuri wao hati nyingi ni makaratasi tu. Na ziko ofisi za msaada wa sheria, MAJ, katika wilaya zote 30, ambako mnyonge hupata ushauri bila malipo.

Sitaki msomaji adhani ninasema kazi hizo ni rahisi kuzipata. Si rahisi. Nyingi hutangaza nafasi chache na waombaji ni wengi. Ninachosema ni kwamba mtoto anayejua kuna milango kumi hujiandaa tofauti na yule anayejua mmoja. Anayetaka upelelezi wa fedha atasoma uhasibu kwanza. Anayetaka kutetea watoto atajitolea mapema kwenye ofisi inayoshughulika nao. Anayetaka joho atajua tangu mwaka wa kwanza kwamba lazima aweke akiba ya Nyanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi watu wa mpakani tunalo na wengine hawana, nasi hatulijui thamani yake.

Kijana aliyezaliwa Karagwe, akasoma msingi kwa Kiswahili, akaja akamalizia sekondari hapa kwa Kiingereza, nyumbani akizungumza Kinyarwanda, na labda bibi yake wa Bukavu akamfundisha Kifaransa kidogo, huyo ni mtu ambaye ofisi nyingi za sheria za Kigali haziwezi kumpata kwa kutangaza. Sheria za Rwanda hutolewa kwenye gazeti rasmi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mizizi yake ni ya Kibelgiji, lakini tangu tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, taratibu za Kiingereza zimechanganyika humo. Ng'ambo ya Rusumo na ya Gatuna, Tanzania na Uganda wanafuata desturi ya Kiingereza, ambako hukumu ya zamani ya mahakama ya juu hubeba uzito kama sheria. Burundi wamebaki karibu na asili ya Kibelgiji. Kongo, tangu 2012, wamo katika mfumo wa OHADA unaounganisha sheria za biashara za nchi 17 za Afrika, na mahakama yake ya juu iko Abidjan.

Fikiria maana yake kwa mwanamke wa Rubavu aliyemkopesha mwenzake wa Goma vitenge, au kwa mwenye lori la mahindi la Ngara ambaye mteja wake wa Kibungo hakulipa. Kesi ifunguliwe wapi? Kwa sheria ipi? Makubaliano ya ujumbe wa simu yanakubalika kuwa ushahidi? Hukumu ya upande huu itatekelezwaje upande ule? Maswali haya huulizwa kila siku chini ya miti ya mpakani, na wanaoyajibu mara nyingi ni vishoka wanaolipwa kwa kujiamini kwao. Mwanasheria anayejua pande mbili za mpaka, tena anayeweza kuyaeleza hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa sokoni, hawezi kukosa kazi. Lakini yuko wapi? Hatujamsomesha. Tumemsomesha yule anayetaka ofisi yenye kiyoyozi Kigali, wakashindane elfu kwa kiti kimoja.

Wapo watakaonijibu kwamba sheria yenyewe haimruhusu. Hapo wana hoja, na ndipo ninapogeukia serikali na viongozi wa Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Ndani yake nchi wanachama ziliahidi kutambuana vyeti vya taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitangulia kuwekeana mikataba ya kutambuana, madaktari wa mifugo wakafuata. Mawakili, ambao ndio walioandika maneno ya mikataba ya wengine, walibaki nyuma kwa miaka mingi. Kila chama cha mawakili kinalinda ua wake, na kanuni imekuwa nipe nikupe: ukimpokea wangu, nitampokea wako. Mhandisi anaweza kuvuka na kujenga daraja, lakini anayeweza kueleza mkataba wa daraja hilo anasimamishwa mpakani.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa anayekumbuka historia. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961, kilikuwa cha kwanza Afrika Mashariki, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa darasa moja. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisoma sheria hapo. Kizazi kile kilisoma pamoja kabla ya kuwapo itifaki yoyote ya soko la pamoja. Sisi wenye itifaki tunawauliza watoto wetu barua ya ulinganifu.

Na kwamba sheria ya Jumuiya inaweza kumlinda mtu wa kawaida, ushahidi upo. Aprili 2011 wakili mmoja Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe akiwa safarini na wenzake, akazuiwa kuingia Uganda na kurudishwa Nairobi bila kupewa sababu za maana. Hakurudi nyumbani akanung'unika. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na Mei 2013 mahakama ikaamua kwamba kuzuiwa kwake kulivunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki. Kila mmoja wetu amewahi kuzuiwa mpakani. Tofauti yetu na Mohochi si kwamba yeye alikuwa mkubwa. Yeye alijua pa kwenda na alijua muda wake. Mkataba unampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kupeleka malalamiko Arusha, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu jambo litendeke au tangu alipolijua. Mfanyabiashara anayekaa mwezi wa kwanza kusubiri afisa atulie na mwezi wa pili kutafuta mtu wa kumsaidia, haki yake imekwisha kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Vivyo hivyo kwa mambo madogo. Upo utaratibu rahisi wa biashara ndogo za mpakani, ambao mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizomo kwenye orodha na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, hupita kwa cheti rahisi cha asili bila kutozwa ushuru wa forodha. Wapo wanaovusha maharage kwa njia za panya usiku, wakinyang'anywa na kupigwa, kwa kukwepa ushuru ambao hawadaiwi. Wapo pia wanaodhani cheti hicho kinaondoa kodi zote na vibali vyote, nao hujikuta matatani. Mtu mmoja aliyesoma, akikaa mpakani siku ya soko na meza na kiti, angeokoa mali nyingi kuliko semina za hotelini.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wakubwa. La kwanza, Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Basi kiingie kwenye mafunzo ya wanasheria kwa vitendo, na sheria zinazomgusa mvukaji mpaka zitolewe pia kwa lugha hiyo, maana mtu hawezi kutii wala kudai asichokielewa. La pili, msaada wa kisheria ufike mpakani penyewe. Ofisi ya wilaya ni njema, lakini mwenye kapu la nyanya kichwani hawezi kuacha mzigo uoze aende wilayani kutafuta ushauri. Vijana wanaosubiri nafasi, wakisimamiwa na mawakili waliosajiliwa, wangeweza kupangiwa zamu hapo. Wangejifunza kazi, nasi tungepata haki zetu.

Kwa wazazi wenzangu nina maswali matatu tu, na ninaomba yaulizwe kwenye kikao cha familia kabla ya mnunuzi wa ng'ombe kuitwa. Swali la kwanza: mtoto atafanya kazi nchi gani, na nchi hiyo inaitambua shahada ya chuo hiki? Jibu lipatikane kwa maandishi kutoka kwa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi hiyo na chama chake cha mawakili. Msiridhike na maneno ya mtu wa udahili, maana kazi yake ni kujaza madarasa. Anayekwenda kusoma upande wa Kongo aulize zaidi, kwa kuwa kwa mfumo wao wa zamani miaka 3 ya kwanza ilikuwa graduat tu, na licence ilihitaji miaka 2 mingine. Aliyeishia ya kwanza alirudi akidhani amemaliza, kumbe yuko nusu ya njia. Swali la pili: baada ya shahada, fedha za ngazi ya pili zitatoka wapi? Kama jibu ni hakuna, basi heri kusoma polepole, au kuanza na kazi nyingine ya ofisi za haki, kuliko kukwama mlangoni. Swali la tatu: katika milango kumi, mtoto mwenyewe anautaka upi? Huyo ndiye atakayekesha na vitabu.

Na kwa vijana: msisubiri joho ndipo muanze kuwa wa faida. Mpwa wangu niliyemtaja hapo juu, baada ya kukaa nyumbani kwa aibu karibu mwaka mzima, alipata kazi kwenye kibanda cha huduma za mtandao. Huko aligundua kwamba nusu ya wateja wanakuja na matatizo ya kisheria bila kujua ni ya kisheria. Huwasomea barua walizopokea, huwaeleza tarehe ya mwisho ya kujibu, huwaelekeza kwa abunzi pale shauri linapowahusu, au ofisi ya MAJ. Hasemi yeye ni wakili, maana si wakili, na kujiita wakili ni kosa. Lakini watu wa hapa wanamtafuta. Anaweka kidogo kidogo. Juzi alinionyesha kijitabu chake cha akiba, akaniambia mwakani, Mungu akijalia, anakwenda Nyanza.

Dada yangu hana ng'ombe tena. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu lingeweza kuepukika kwa swali moja lililoulizwa mapema. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Sisi tulioulizwa karatasi maisha yetu yote, kwenye kila meza na kila mpaka, safari hii tuwe sisi wa kuuliza.